Mpini wa Kaboni na Kilima Kilichoshuka

Jumapili, 3 Machi

Barabara imefungwa. Tulikuwa tunakunywa chai tuliposikia mngurumo. Mdogo wangu akasema ni lori. Mama Mpishi akamuuliza ni lori gani linalonguruma kama tumbo la mtu mzima mwenye njaa. Kumbe ni kilima. Kipande kizima cha upande wa juu kimeshuka na miti yake, kikalala juu ya barabara. Na barabara ndiyo hiyo hiyo moja. Nyuma yetu ni kijiji, na nyuma ya kijiji ni genge na mto uliofurika.

Kwa watu wengine maporomoko ni kazi ya koleo. Kwetu sivyo, maana kilima hicho ndicho tulichokuja kukisafisha. Wakati wa vita kilitegwa mabomu kuanzia kileleni hadi kiunoni, na sasa kiuno chenyewe kiko barabarani. Kilichomo ndani ya tope lile, na kiko wapi, hakuna anayejua.

Wenzetu walioondoka juzi kwa likizo wamekwenda na gari na mashine zote nzuri. Tuliobaki kwenye ghala hili ni wachache: Bwana Subiri, kiongozi wetu, ambaye tulimpa jina hilo kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni, mdogo wangu ambaye ni mtegua mabomu, Mama Mpishi, mlinzi ambaye ni mtu wa hapa hapa kijijini, na mimi, fundi wa mashine. Ninaandika kwa sababu sina pa kwenda.

Jumatatu, 4 Machi

Mvua.

Jumanne, 5 Machi

Tumebaki na mashine moja ya kutambua chuma, na hiyo moja ni mgonjwa. Nimeifungua leo mezani. Boksi lake ni zima, sahani yake ya chini inayonusa chuma ni nzima, waya mzima. Tatizo ni mpini, bomba la kaboni linalounganisha sahani na mkono wa mtu. Nimeupiga kwa ukucha kuanzia juu kwenda chini: ti, ti, ti, halafu pale unapobanwa na klempu, tu. Sauti imekufa. Maana yake umepasuka ndani.

Hiyo ndiyo tabia ya kaboni. Ni nyuzi nyeusi, nyembamba kuliko unywele, zilizolazwa ndani ya gundi. Ukiivuta kwa urefu itakushinda wewe na jirani zako. Lakini ukiibana kupita kiasi, au ukiigonga ubavuni, inachanika ndani kwa ndani huku nje inang'aa kama kawaida. Chuma kikiumia kinapinda, unakiona. Hii inakunyamazia mpaka siku ya kukatika.

"Uliuegemea?" nilimuuliza mdogo wangu.

"Kidogo tu, dada. Nilikuwa napanda."

"Kidogo tu," nikasema. Mipini mipya iko njiani, kwenye gari, upande wa pili wa maporomoko.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeuunganisha. Nilikata kipande cha bomba jembamba kutoka kwenye mpini wa zamani, nikakipiga msasa mpaka kikaingia ndani ya ule uliopasuka bila kulegea, nikasafisha kwa spiriti, nikachanganya gundi na hadina, dawa yake ya kuigandisha, nikapaka, nikazungushia kitambaa cha kaboni, nikafunga kwa nguvu. Kwa kawaida gundi hushika siku hiyo hiyo. Mpini huu umekaa tangu jana na gundi bado inanata kama pipi iliyolambwa ikarudishwa mezani. Ni unyevu na baridi. Kila kitu ndani ya ghala hili kimeloa, hata shuka, hata chumvi.

Vumbi la kaboni limeniingia mikononi. Nawashwa mpaka kwenye viwiko.

Jumapili, 10 Machi

Nimehamia jikoni. Mama Mpishi ameniachia kona karibu na jiko la mkaa, nami nimeuning'iniza mpini mahali pasipofikiwa na mvuke wa sufuria. Kila anapopita anauuliza hali.

"Mgonjwa wako ameamkaje?"

"Bado ana homa."

"Basi ni mume wa mtu huyo, hafi wala haponi."

Mama Mpishi ni mjane, mkubwa wangu kwa umri, na ndiye mtu pekee hapa anayeweza kunichekesha bila kunikera. Mdogo wangu anacheka kila kitu, kwa hiyo hahesabiki. Bwana Subiri hachekeshi wala hacheki.

Jumanne, 12 Machi

Gundi imeshika. Ngumu, nyeusi, inalia ti, ti, ti mwanzo hadi mwisho. Nilimpelekea Bwana Subiri kwa furaha, kama mtoto na daftari lake. Akauweka juu ya viti viwili, akaning'iniza ndoo katikati, akawa anaongeza mchanga kwa kikombe, polepole, huku mvua ikipiga bati. Tukasimama tunaangalia. Alipojaza ndoo akaitikisa kwa makusudi, na mpini ukakatika.

"Tengeneza mwingine," akasema.

"Hakuna mtu anayebeba ndoo ya mchanga kwenye mashine."

"Hakuna," akakubali. Akaokota vipande akanirudishia, vyote, hata vijipande vidogo.

Sijala usiku huu. Naandika ili nisiseme kwa mdomo: mtu huyu anafurahia kuona vitu vikivunjika.

Jumatano, 13 Machi

Mvua.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeanza upya na mabaki ya mipini ya zamani. Kiungo cha ndani kirefu zaidi, kitambaa kimezungushwa mara nyingi zaidi, klempu nimeiwekea mpira ili isiume. Mama Mpishi anaweka mkaa asubuhi mapema kwa ajili ya mgonjwa wangu kabla hata ya chai.

Jana maji yaliingia jikoni naye akakanyaga kopo lililokatwa wakati anayatoa. Kidonda ni kidogo chini ya mguu. Amekifunga kitambaa, anachechemea, anasema sasa anatembea kama bibi harusi.

Jumatatu, 18 Machi

Ndoo imejaa mchanga, imetikiswa, imeachwa ikining'inia kutwa nzima. Mpini umesimama. Nilimtazama Bwana Subiri usoni.

"Vizuri," akasema. "Sasa tusubiri mvua ikate."

Mdogo wangu alitoka nje ya ghala akacheka peke yake. Mimi sikuweza.

Jumatano, 20 Machi

Mguu wa Mama Mpishi umevimba. Zahanati ya kijiji ina mtu mwema na rafu tupu. Dawa za sanduku letu la huduma ya kwanza tumempa zote. Tumepiga redio upande wa pili: daktari anasema aletwe. Helikopta hakuna, na hata ingekuwepo mawingu yamekaa juu ya paa. Mashine nyingine haziwezi kufika mapema, daraja la huko chini, ng'ambo ya hospitali, nalo limekwenda na maji.

Alhamisi, 21 Machi

Homa. Hana utani leo. Nimempikia mimi, akaonja kijiko kimoja, akasema, "Sasa najua kwa nini walikupa kazi ya mashine." Halafu akalala. Uvimbe umefika kwenye kifundo na ngozi inang'aa.

Nilikwenda kwa Bwana Subiri. Alikuwa amekaa kwenye godoro lake akinyoosha kamba za alama. Sikukaa.

"Mashine ipo. Mpini upo. Umeupima mwenyewe. Unangoja nini?"

"Subiri, fundi."

"Mwenzetu anaoza kule jikoni na wewe unaniambia subiri. Unaogopa."

"Ndiyo," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mengine yote isipokuwa hilo. Akaweka kamba chini, na hapo ndipo nilipoona mikono yake inatetemeka. Nahisi imekuwa ikitetemeka siku zote, nami nilikuwa naangalia ndoo tu.

"Udongo ule bado unatembea," akasema. "Nikiusafisha leo na mvua ikanyesha, kesho si ule. Nitakuwa nimewawekea watu alama za usalama juu ya bomu. Mama yule nampenda kama nyinyi. Lakini sitambebesha mtu juu ya udongo unaotembea."

Nikaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 23 Machi

Haijanyesha tangu jana asubuhi. Bwana Subiri alikwenda kwenye maporomoko, akachuchumaa pembeni muda mrefu akishika udongo. Aliporudi akasema, "Tunaanza."

Mdogo wangu akainuka kuchukua mashine. Akamzuia.

"Nitaishika mimi."

"Mimi ndiye mwepesi zaidi, mkuu, na ni zamu yangu."

"Mpini kautengeneza dada yako. Ukianza kucheza mkononi, hutasema. Utamwonea haya, utasema ni mzima." Hakusema kwa ukali. "Wewe utapiga vigingi nyuma yangu."

Mdogo wangu akanitazama kama anaomba msaada. Sikumpa, kwa sababu ni kweli. Tangu utotoni, nikimpikia chakula kikaungua, anakimaliza.

Jumapili, 24 Machi

Wanakwenda kwa upana wa mabega ya mtu, hatua ya mtoto kwa hatua ya mtoto. Nakaa mwanzoni mwa njia na redio. Nimetazama mikono ya Bwana Subiri kwa darubini. Akiwa na mashine haitetemeki hata kidogo.

Jumatatu, 25 Machi

Moja limepatikana. Wamelilipua. Bati zote za kijiji zimelia. Mama Mpishi aliuliza kama chakula kimeungua.

Jumanne, 26 Machi

Jingine, limelala ubavu. Mpini nimeukagua jioni kwa ukucha. Mzima.

Jumatano, 27 Machi

Mstari mwekundu kwenye mguu wa Mama Mpishi umepanda hadi gotini. Wanasema kesho watafika upande wa pili. Mawingu yamerudi. Hakuna anayeyataja.

Ijumaa, 29 Machi

Jana sikuweza kuandika. Naandika leo asubuhi.

Palikuwa pamebaki kipande kifupi tu, pungufu ya urefu wa ghala letu. Gari la wagonjwa lilionekana kule ng'ambo, dereva amesimama kando yake. Bwana Subiri akaamua Mama Mpishi aletwe kwenye njia iliyosafishwa, angoje karibu, ili wakimaliza wapite mara moja. Mdogo wangu na mlinzi walimbeba kwa machela. Alipopita mbele yangu alinishika kidole, akasema, "Usiguse vyungu vyangu." Nikabaki na redio. Mtu mmoja lazima abaki na redio, na machela ina mishikio ya watu wawili.

Mvua haikunyesha. Hilo ndilo linaloniuma. Udongo ulishuka wenyewe, kimya, kwenye jua kabisa. Niliona miti miwili midogo ikitembea, ikiwa imesimama wima, kisha vigingi vyeupe vikalala kimoja baada ya kingine, kisha wimbi la tope. Ulipotulia, njia yote kati yangu na wao ilikuwa haipo.

Niliita redio. Niliita tena. Mdogo wangu akajibu.

"Tupo wote. Mama yupo. Mlinzi yupo. Mkuu amegongwa na gogo, mkono wake wa kulia hauinuki. Dada, mashine."

"Mashine nini?"

"Mpini umekatika."

Nilikaa chini. Wako juu ya ukanda uliosafishwa usiozidi chumba cha kulala, nyuma udongo mpya, mbele udongo usiopimwa, mgonjwa kwenye machela, na kilima bado kiko juu yao. Na mimi ndiye fundi, na zana zangu zote ziko miguuni pangu, upande usiotakiwa.

"Umekatikia wapi?"

"Juu kidogo ya ulipounganisha. Kiungo chako ni kizima."

Kiungo kilikuwa kigumu kuliko bomba lenyewe, kwa hiyo kishindo kilihamia pembeni yake. Nilijua jambo hilo linawezekana. Sikuwa na nafasi ya kulifikiria.

"Waya wa sahani?"

"Mzima. Unaning'inia."

"Una vigingi vya mbao?"

"Vingi."

"Chagua kilichonyooka. Angalia kama kina msumari."

"Hakina."

"Usiniambie tu. Kipitishe kwenye sahani."

Akakipitisha. "Hakilii," akasema.

Nikamwambia akichonge kwa kisu mpaka kiingie ndani ya bomba kwa kusukumwa, si kwa kuteleza. Kikiteleza ni chembamba, atafute kingine. Alichonga viwili kabla ya kupata. Nilisikia pumzi yake, na sauti ya Bwana Subiri nyuma, tulivu kabisa, akisema, "Usikimbize kisu." Nikamwambia avunje kigingi kingine kiwe vibanzi virefu, avipange kuzunguka kwa nje juu ya mpasuko kama mtu anayefunga mguu uliovunjika, kisha azungushie bandeji, kila mzunguko alalie nusu ya uliotangulia, avute mpaka vidole vimuume.

"Nimemaliza."

"Umefungia nini mwisho wa bandeji?"

"Imeshika vizuri," akasema.

"Mwanangu, umefungia nini?" Sijui kwa nini nilimwita hivyo. Nilimlea mama alipofariki, lakini sijawahi kumwita hivyo.

"Pini," akasema. "Ya kwenye sanduku."

"Itoe. Ichane bandeji ncha mbili, ufunge fundo."

Akafanya. Nikamwambia aishike mashine kama anafanya kazi, aipeleke kulia na kushoto.

"Inacheza?"

"Hapana."

Alijibu haraka mno. Nilifumba macho. Nadhani Bwana Subiri aliniachia niulize mimi.

"Nisikilize. Mimi si dada yako sasa hivi. Mpini ule ulikatika, na huu nao unaweza kuwa mbovu, na ukiwa mbovu sitaudhika. Ukinidanganya utakufa wewe na mama wa watu. Inacheza?"

Nilisikia akiipeleka tena, kulia na kushoto.

"Inacheza," akasema. "Kidogo. Ukigeuza kushoto sahani inachelewa."

"Asante. Fungua yote, tuanze tena."

Tukaanza tena. Safari hii alitumia kigingi kirefu zaidi na kamba ya alama juu ya bandeji. Nilipomuuliza alisema haichezi, kisha akaongeza bila kuulizwa kwamba ni nzito kwa mbele na mkono utamchoka. Hapo nikamwamini. Bwana Subiri akatoa kipande kidogo cha chuma cha kujaribia mashine, wakakifukia, na mashine ikalia. Niliisikia kupitia redio, mlio mwembamba.

Halafu nikawa sina kazi. Niliwatazama kwa darubini mpaka macho yakatoa machozi. Mdogo wangu amepiga magoti mbele, Bwana Subiri nyuma yake anapiga vigingi kwa mkono wa kushoto, mlinzi amekaa ameinamia machela akimkinga mama jua kwa kofia yake. Mara moja mashine ililia na wakasimama. Ilikuwa kopo. Mara ya pili halikuwa kopo. Wakaliwekea alama wakalizunguka, na kuzunguka huko kulikula mchana wote uliobaki.

Jua lilikuwa linaegemea walipofika. Dereva na muuguzi walipokea machela. Mdogo wangu aligeuka akainua mashine juu ili niione, na bandeji imelegea inapepea. Nikainua mkono. Hawakuweza kurudi, nami sikuweza kwenda.

Jumapili, 31 Machi

Redio inasema wamemkata mguu chini ya goti. Yu hai. Mtu aliyepika miaka yote pembeni mwa mabomu, amechukuliwa mguu na kopo.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Niko peke yangu ghalani. Mke wa mlinzi anakuja asubuhi kuuliza habari za mumewe, namwambia zile zile, anazisikiliza kama mpya.

Jumatatu, 8 Aprili

Bwana Subiri amepiga redio. Mkono wake umefungwa. Alitaka kujua kama nala. Nikamuuliza lini watakuja. Akasema, "Ulitaka niseme lile neno?" Nikasikia anacheka. Sikujua kwamba anaweza. Nami nilicheka, nikiwa peke yangu, mpaka nikalazimika kukaa.

Ijumaa, 12 Aprili

Nakwenda hadi mwisho wa barabara, narudi. Nakwenda, narudi. Nimeanza kukanyaga nyayo zangu za jana.

Jumanne, 23 Aprili

Wamefika. Timu nzima, mashine mpya, vigingi vipya toka ng'ambo hadi hapa. Mlinzi alipita mbio kwenda kwake. Mdogo wangu alinikumbatia bila utani wowote. Bwana Subiri, mkono bado kwenye kitambaa, akanionyesha njia akasema, "Nenda, fundi. Ni safi."

Sikuweza kuinua mguu. Nilikuwa nimeitamani njia ile siku zote hizi, na sasa nilisimama pale pale. Watu walikuwa wananitazama. Bwana Subiri hakuniambia nisiogope. Aligeuka, akatangulia, na kwa mkono wake mzima akashika kamba ya alama, polepole, ili niweze kuweka mguu wangu kila mahali alipotoa wake.

Jumapili, 28 Aprili

Mjini, nyumbani kwa mdogo wangu. Tumemtembelea Mama Mpishi hospitali. Amekonda. Amesema muuguzi anapika vibaya kuliko mimi, jambo ambalo hakulitegemea duniani. Nilimshika mkono tukakaa hivyo.

Tulipokuwa tunarudi, wifi yangu aliniambia tupite kwenye majani tukate njia, watu wote wanapita hapo, watoto walikuwa wanacheza mpira pale pale. Nikamwambia atangulie. Alifika nyumbani kabla yangu, mimi nikazunguka kwa barabara ya lami. Nilipofika, mdogo wangu, aliyetutangulia kutoka hospitali, alikuwa mlangoni, viatu vyake vimejaa vumbi la barabara, hakuna hata jani.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Na mimi," akasema.

Tukaingia ndani.